Njoo Katuba Jumapili

Ndugu mwandishi, unasema huku Lubumbashi hadithi za kubuni za sayansi hazina wasomaji. Njoo mtaani kwetu Katuba Jumapili, baada ya misa. Tuko watu saba, kitabu kimoja: Binti cha Nnedi Okorafor, kilichopata Hugo, tuzo ya hadithi za kubuni za sayansi, mwaka 2016. Ni cha Kiingereza, basi mwenzetu aliyesoma Zambia anatutafsiria kwa sauti. Ukurasa mmoja una mafuta ya makayabu, samaki wa chumvi (mwenyewe anajijua). Ule udongo mwekundu anaojipaka Binti, msichana wa hadithi hiyo, hata akisafiri angani ulitushika saa mbili nzima. Sisi wa kwetu tunaukung'uta viatuni kila jioni! Hamu tunayo. Bei ndiyo inatushinda: kitabu kimoja, unga wa juma zima. Mwenye sehemu ya pili atuazime.