Kijiji kisichouza mpunga

Mwezi wa tano mama yangu aliuza mpunga ungali shambani. Mnunuzi alikuja na pikipiki, akazunguka majaruba, akakadiria kwa macho, akahesabu noti, akaondoka. Mdogo wetu alikuwa anadaiwa ada, na sisi wakubwa tulioko mjini hatukuwa na kitu mkononi. Kufika Januari mama yuleyule alikuwa dukani Ifakara ananunua mchele kwa kilo, tena kwa bei inayouma hata kuitaja. Mkulima wa mpunga tangu usichana wake, amesimama kwenye foleni ya mchele.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu kijiji kimoja cha Indonesia ambako jambo hilo haliwezi kutokea, kwa sababu huko kuuza mpunga ni mwiko.

Kinaitwa Ciptagelar. Kipo kwenye miteremko ya mlima Halimun, wilaya ya Sukabumi, Java Magharibi, yapata mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji ni Wasunda, na jumuiya yao huitwa kasepuhan, neno linalotokana na sepuh, yaani mzee: ni watu wanaoshika njia ya wazee. Kiongozi wao humwita Abah, baba. Abah Anom alipofariki mwaka 2007, mwanawe kijana, Abah Ugi, ndiye aliyeshika nafasi yake. Miiko ikabaki ileile. Mpunga kwao ni Nyi Pohaci, mungu wa kike wa mpunga, ni uhai wenyewe, na uhai haupelekwi sokoni.

Kinachonivutia zaidi ni ghala lao, leuit. Ni kibanda cha mbao kilichoinuliwa juu ya nguzo zilizokalia mawe, kuta za mianzi iliyosukwa, paa la nyuzi nyeusi za mnazi wa sukari ambao wao huuita aren. Mlango ni mdogo na uko juu kabisa, chini ya paa, kwa hiyo anayetaka mpunga hupanda ngazi na kuingia kwa kuinama. Ndani mna vicha vya mpunga vilivyopangwa vikiwa na mabua yake, baada ya kukaushwa kwenye vichanja vya mianzi hadi vikauke barabara. Ukihifadhiwa hivyo bila kupurwa wala kukobolewa, mpunga hukaa miaka. Kila kaya ina leuit yake, nyingine zina kadhaa, na lipo la jumuiya liitwalo Si Jimat: aliyepungukiwa hukopa humo, akivuna anarudisha. Ukifika wakati wa kula, wanawake huutwanga kwenye lisung, kinu kirefu kama mtumbwi, michi ikipokezana. Mashine ya kukoboa haiguswi kwa mpunga huo.

Bibi yangu angeyaelewa haya bila mkalimani. Wasunda husema pare, béas, sangu. Sisi twasema mpunga, mchele, wali. Watu wanaoishi na kitu hukipa jina katika kila hatua yake.

Hata anga tunasoma moja. Ciptagelar hupanda mpunga mara moja tu kwa mwaka, na msimu hufunguliwa na nyota. Kundi moja la nyota hulitaja Kerti, jingine Kidang. Wana msemo kwamba Kerti ikitokea andaa vyuma, Kidang ikitokea teremka na zana shambani. Kerti ndiyo Kilimia chetu, nyota ambazo jina lake lenyewe limebeba kulima. Wazee wa pwani walisema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nimewauliza vijana kumi wa mtaani kwangu kama wanaweza kunionyesha Kilimia usiku. Hakuna aliyeweza, na mimi mwenyewe nilijifunza mwaka juzi.

Kuvuna nako kuna namna yake. Hawatumii mundu. Wana kisu kidogo, Wasunda hukiita etem, Wajava ani-ani: wembe mfupi uliopachikwa kwenye kipande cha mbao, unaofichika ndani ya kiganja, na kila suke hukatwa peke yake. Wanasema ni ili mama wa mpunga asishtuke. Mtu wa mahesabu atasema ni kupoteza muda. Lakini sehemu nyingi za Java, miaka ya 1970, mundu na mashine za kukoboa zilipoenea, wanawake maskini wasio na mashamba ndio waliopoteza kazi ya kuvuna na kutwanga, na pamoja nayo ule mgao wa mpunga waliokuwa wakirudi nao nyumbani. Kile kisu kidogo kilikuwa kinalisha watu wengi.

Miaka hiyohiyo serikali ya Suharto, rais wa Indonesia wakati huo, ilikuwa inasukuma mbegu mpya za muda mfupi, mbolea na dawa, watu wapande mara mbili hata tatu kwa mwaka. Sitaidharau kazi hiyo: Indonesia, iliyokuwa miongoni mwa waagizaji wakubwa kabisa wa mchele duniani, ilitangaza kujitosheleza mwaka 1984. Lakini mpunga usiokatika shambani ukamlea mdudu aitwaye wereng, anayefyonza mabua hadi shamba zima linakauka kama limepigwa moto. Dawa zilikuwa zinaua maadui zake kuliko yeye mwenyewe, na mwaka 1986 serikali hiyohiyo ikapiga marufuku aina 57 za dawa kwenye mpunga. Ciptagelar wakati wote huo walikuwa wanapanda mara moja, mbegu zao wenyewe za aina zaidi ya 100, kisha wanaiacha ardhi ipumzike. Mdudu anayekosa chakula sehemu ya mwaka hana pa kuzaliana mfululizo.

Najua swali linalokuja: pesa je? Mtoto anasomaje, dawa zinanunuliwaje? Wanauza sukari ya aren, ndizi, mboga. Vijana hushuka mjini kufanya vibarua. Wana umeme wanaouzalisha wenyewe kwa maji ya mto, na tangu 2008 wana kituo chao cha televisheni, CIGA TV, kinachorusha shughuli za kijiji kwa lugha yao. Mwiko uko kwenye mpunga. Mengine mengi yanaruhusiwa kubadilika, na nadhani yanabadilika bila hofu kwa sababu ghala limejaa.

Tatizo lao kubwa ni ardhi. Mwaka 1992 msitu wa Halimun ulifanywa hifadhi ya taifa ya hekta 40,000. Mwaka 2003 ikapanuliwa hadi hekta 113,357, ikameza mashamba na makazi ya kasepuhan nyingi. Watu waliogawa msitu wao wenyewe sehemu tatu, ule usioguswa, ule wa akiba na ule wa kulima, wakaambiwa wanalima ndani ya mali ya serikali. Nalo jambo lao si jepesi kuliweka kwenye karatasi, maana kijiji chenyewe huhama: mababu wakiagiza kwa ndoto, Abah hufuata, na ndivyo walivyotoka Ciptarasa kwenda Ciptagelar mwaka 2001. Mei 2013 Mahakama ya Katiba ya Indonesia iliamua kwamba misitu ya jumuiya za asili si misitu ya serikali. Uamuzi mkubwa, ila haujitekelezi. Desemba 2016 jumuiya tisa za kwanza zilikabidhiwa misitu yao, mmojawapo wa Kasepuhan Karang, ndugu zao wa mkoa jirani wa Banten. Jumuiya nyingine nyingi ziliendelea kusubiri.

Kwangu mimi hapo ndipo kiini cha jambo kilipo. Tunapenda kumshauri mkulima aweke akiba, asiuze mpunga ungali mbichi. Ataweka akiba vipi mtu asiyejua kama msimu ujao atalima palepale? Leuit husimama juu ya mawe, na mawe hukaa juu ya ardhi ya mtu. Wizara yoyote inayotaka wakulima wenye ghala, iwe Jakarta au Dodoma, ianze kwa kuwahakikishia mipaka ya ardhi yao.

Nyumbani tumekubaliana, ndugu wanne, kila mmoja achangie ada kabla ya Aprili ili mnunuzi wa pikipiki asikute shida inamsubiri. Mama ameomba kihenge. Aliyekuwa akivisuka pale kijijini amekwishafariki. Mjukuu wake anasema alimwona babu akisuka mara nyingi, na anataka kujaribu. Jumamosi nampelekea fito.