Kipimo cha Kromosomu Hakiongezi Kiinitete Hata Kimoja

Wenzi wanaotafuta mtoto kwa IVF, yaani yai kurutubishwa maabara kisha kurudishwa tumboni, huulizwa swali moja ambalo ni vigumu kulikataa: je, mngependa viinitete vyenu, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa na kuanza kukua, vipimwe kromosomu kabla ya kupandikizwa? Ukisema hapana unajiona mzazi mzembe, na mzazi hata hujawa. Mimi naona wengi wangeweza kukataa bila kujuta.

Hoja ya kipimo inaeleweka. Kromosomu ni nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, na kwa kawaida ni 46. Kiinitete chenye pungufu au zilizozidi hapo mara nyingi hakishiki, au mimba huharibika mapema. Mama akishapita miaka 40, zaidi ya nusu ya viinitete vyake huwa na hitilafu hiyo. Kwa hiyo, wanasema, tutenge pumba na mchele mapema.

Sawa, lakini kutenga si kuongeza. Kama kati ya viinitete vyako vitano kimo kimoja cha kuzaa mtoto, kimo, upime usipime. Utafiti wa China uliotoka mwaka 2021 uliwafuata wanawake 1,212 wa miaka 20 hadi 37 waliokuwa na viinitete vizuri vitatu au zaidi. Katika kundi lililopimiwa, asilimia 77.2 walipata mtoto. Katika kundi ambalo halikupimiwa, asilimia 81.8. Mimba zilizoharibika zilipungua kwa waliopimiwa, na hilo si dogo kwa aliyewahi kupoteza mimba. Ila watoto hawakuongezeka.

Tazama pia kinachopimwa. Siku ya tano au ya sita, mtaalamu huchomoa seli chache, tano hivi hadi kumi, kutoka tabaka la nje, lile litakalokuwa kondo la nyuma. Seli za ndani, zitakazokuwa mtoto mwenyewe, haziguswi. Tunamhukumu mtoto kwa kuchungulia kondo lake! Na mara nyingine jibu linakuja nusu kwa nusu: baadhi ya seli ni nzima, nyingine zina hitilafu. Hivyo ndivyo viinitete vinavyoitwa mozaiki. Zamani vilitupwa. Mwaka 2015 madaktari wa Italia wakaeleza kwamba waliwapandikizia wanawake 18 viinitete vya aina hiyo, wakazaliwa watoto sita wazima. Najiuliza vingapi vilikwisha kutupwa kabla ya hapo.

(Sizungumzii kipimo cha ugonjwa unaojulikana kuwamo katika familia, kama selimundu. Hicho ni kipimo kingine, kinatafuta kitu kimoja mahususi, na sina ugomvi nacho.)

Mwanamke wa miaka 41 mwenye viinitete saba, ambaye mimba zimemharibikia mara kwa mara, namwelewa kabisa akipima. Atajiokolea miezi ya kupandikizwa visivyoweza kushika. Lakini mwenye kiinitete kimoja au viwili? Hapo hakuna cha kuchagua. Unalipia tu uwezekano wa kuambiwa "hakifai" juu ya kitu ambacho pengine kingefaa.

Kinachonikera ni namna kinavyouzwa, kana kwamba ni hatua ya kawaida ya matibabu. Mamlaka ya Uingereza inayosimamia huduma hizi, HFEA, imekipa alama nyekundu katika kuongeza nafasi ya kupata mtoto kwa wagonjwa walio wengi. Daktari anayekipendekeza aulizwe waziwazi: kituo hiki hufanya nini na mozaiki, huvitupa au huvihifadhi? Na jibu hilo liwe kwenye maandishi kabla ya mtu kutia saini.