Kiasi ni Kiasi Gani?

Anayeambiwa "fanya kila kitu kwa kiasi" hajapewa kipimo chochote. Mvutaji wa sigara tatu kwa siku hujiona yuko ndani ya kiasi, na mkimbiaji ambaye goti lake limevimba hujiona hivyo hivyo. Ndiyo maana wapo wanaotaka kanuni kali: hiki fanya, hiki acha, basi. Kwa tumbaku hawapingiki. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la tiba la BMJ ulionyesha kuwa sigara moja tu kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo inayomkabili mvutaji wa sigara 20. Anayepunguza kutoka 20 hadi moja hapati nafuu anayoitarajia.

Kanuni kali huharibikia pale inapohamishiwa kwenye vitu ambavyo mwili unavihitaji. Mfano mzuri ni maji, maana wengi huamini hayana kikomo. Figo za mtu mzima mwenye afya hutoa takriban lita 0.8 hadi 1 kwa saa. Ukinywa zaidi ya hapo saa baada ya saa, sodiamu ya damu, yaani madini yaliyomo kwenye chumvi, hushuka chini ya kiwango cha kawaida cha milimoli 135 kwa lita, na ikishuka sana kwa ghafla ubongo huvimba. Katika mbio ndefu hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu homoni inayozuia mkojo hupanda na uwezo wa figo kutoa maji hupungua. Katika Boston Marathon ya mwaka 2002, asilimia 13 ya wakimbiaji waliopimwa damu walikuwa na sodiamu ndogo. Kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa hufanana na dalili za kuishiwa maji, hivyo msaidizi asiyejua humwongezea mgonjwa maji yale yale yanayomdhuru. Kipimo rahisi ni mizani: ukimaliza mbio ukiwa mzito kuliko ulivyoanza, umekunywa kupita kiasi.

Vidonge vya vitamini navyo vina kesi yao. Nchini Finland, wanaume wavutaji zaidi ya 29,000 walishiriki utafiti ambao baadhi yao walipewa miligramu 20 za beta-karotini, kirutubisho cha karoti ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A, kila siku. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kuwa waliopewa walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Karoti haijawahi kushtakiwa kwa hilo. Kosa la kawaida nyumbani ni kujumlisha bila kujua: kidonge cha vitamini mchanganyiko, mafuta ya ini la samaki, tena kidonge cha nywele, vyote vikiwa na vitamini A. Soma lebo zote, jumlisha retinoli (jina la vitamini A kwenye lebo), usipite maikrogramu 3,000 kwa siku. Mjamzito ana sababu kubwa zaidi ya kuuheshimu mpaka huo, kwani ziada inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kwenye mazoezi, wanaopinga mahubiri ya kiasi wana hoja nzito. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na watu wengi hawafiki hata kiwango cha chini. Kuwahubiria hao hatari ya kuzidisha ni kuwapa kisingizio. Kinachoumiza mara nyingi ni kuruka ghafla kuliko wingi wenyewe. Aliyekaa miezi bila mazoezi akirudi na ratiba yake ya zamani, misuli inaweza kubomoka na kumwaga protini inayoziba figo. Aanze na nusu ya seti, aache kabla nguvu hazijaisha, aongeze kidogo kila wiki. Mkojo ukigeuka rangi ya kahawia nzito, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Viwango hivi ni vya watu wazima wenye afya. Mwenye moyo au figo dhaifu huenda akawekewa kikomo cha maji na chumvi kilicho chini zaidi, na hicho hupangwa na daktari wake.