Mke si shahidi

Hapa Uganda, chukua mkataba wa kununua kibanja, yaani kipande cha ardhi cha kuishi na kulima, ulioandikwa mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), ushuke hadi penye sahihi. Mara nyingi mnunuzi ni mume peke yake. Mke naye yumo, ametia dole gumba, lakini kwenye safu ya mashahidi. Anarudi nyumbani akiamini jina lake limo kwenye ardhi. Limo kweli, ila kwa cheo kile kile cha jirani aliyeitwa kuonyesha mpaka.

Kwa hiyo ule ubishi usiokwisha, kama mtetezi wa haki za wanawake anaruhusiwa kuchagua kukaa nyumbani alee watoto, unanichosha. Achague. Anayetaka jikoni abaki jikoni, anayetaka kuendesha boda aendeshe. Ninachouliza ni hiki: siku akighairi, au mume akighairi, au mmoja akifa, karatasi inasemaje?

Bunge liliwahi kukaribia kulijibu swali hilo. Mwaka 1998, Sheria ya Ardhi ilipojadiliwa, kina mbunge Miria Matembe walipigania kifungu cha wanandoa kumiliki ardhi ya familia kwa pamoja. Walitoka ukumbini wakijua kimepita. Sheria ilipochapishwa, hakimo. Kilichobaki ni ridhaa: ardhi ambayo familia inaishi na kupata riziki haiuzwi, haikodishwi wala haiwekwi rehani bila idhini ya maandishi ya mwenzi. Marekebisho ya 2004 yakaongeza haki ya kuendelea kuishi hapo. Ni breki nzuri, lakini usukani bado ana mwingine.

Na breki yenyewe ni ya mwenzi wa ndoa. Sheria ya Uganda haiitambui ndoa ya kukaa pamoja tu, hata mkae miaka 20 na kuzaa watoto sita. Aliyefanya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mume kwa wazazi wa mke, ameolewa kimila, ndiyo, lakini ndani ya miezi sita wanandoa wanatakiwa kwenda na mashahidi wasiopungua wawili kwa msajili, kwenye gombolola (ofisi ya kata) au halmashauri ya mji, kuisajili. Watu humaliza mamilioni kwa mahema na nguo za gomesi, halafu karatasi hiyo wanaisahau! Kutosajili hakuifuti ndoa. Kunachofanya ni kumwachia mjane kazi ya kuithibitisha, na mashahidi wake wakuu ni ukoo ule ule unaomtaka aondoke.

Basi siku ya kununua, majina mawili yakae penye neno “wanunuzi”, kila mmoja na namba ya kitambulisho chake, na stakabadhi za malipo zitaje wote wawili. Kama kibanja kiko kwenye ardhi ya mailo, yaani ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine, mwenye ardhi ahusishwe kabla ya fedha kutoka mfukoni. Kama ni hati miliki, kuna mtego ambao hata wasomi huukanyaga: majina mawili yakiandikwa bila maelezo, huhesabiwa kuwa umiliki wa pamoja, na mmoja akifa yote huenda kwa aliyebaki. Wanaotaka kila mtu awe na fungu lake la kurithisha watoto wake lazima waandike hisa, kwa mfano nusu kwa nusu. Kwa mke wa pili, au mwenye watoto wa ndoa ya awali, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Hati ikiwa tayari kwa jina la mume pekee, mke anaweza kuweka kaveti, yaani zuio la kuihamisha ardhi, kwenye ofisi ya ardhi, akiambatanisha kiapo na cheti cha ndoa. Kaveti ya mwenzi haikomi maadamu haki yake ya kuishi pale ipo.

Utasikia kwamba kudai jina ni kutomwamini mume. Muuzaji naye anaaminiwa, na bado anatakiwa kutia sahihi.

Halafu kuna mirathi. Tangu marekebisho ya 2022, aliyekufa bila wosia mali yake hugawanywa hivi: mwenzi asilimia 20 (zamani mjane alipata 15), watoto 75, wategemezi 4, mrithi wa kimila 1. Wajane wakiwa wawili, hiyo 20 ni yao wote. Lakini hesabu hiyo inagusa mali ya marehemu tu. Mke aliyeandikwa mnunuzi kwa hisa ya nusu, nusu yake haiingii mezani kabisa. Aliyeandikwa shahidi anaanza kuhesabu kwenye ile 20.