Samaki Mwenye Matubwitubwi

Mke wangu aliomba televisheni. Nilirudi nyumbani Migosi, Kisumu, na tangi la vioo, pamoja na ndoo yenye samaki watano, manjano kama ndizi mbivu, mistari myeusi ubavuni.

"Kaka, hawa ni wapole kama kondoo," muuzaji aliniapia.

Wataalamu humwita Melanochromis auratus, mbuna wa Ziwa Malawi. Kwao huishi kwenye miamba, wakikwangua mwani, na dume hulinda kipande chake kwa meno. Mimi niliwawekea jiwe moja na ua la plastiki.

Siku zikapita, mmoja akaanza kuwa mweusi. Nikamhoji mpwa wangu kuhusu chupa ya wino. Mtoto akalia, akaapa, akala kiapo kingine juu ya kile cha kwanza. Kumbe dume akishakuwa bwana wa tangi hugeuka rangi, manjano wakabaki nayo majike na wadogo. Mpwa nilimwomba radhi kwa maandazi mawili.

Tulimwita Chifu. Aliteka jiwe, akateka ua, wenzake wakabanana nyuma ya kichujio kama abiria wa matatu ya Kondele jioni. Nikitia mkono kusafisha, ananing'ata kidole. Jeraha hakuna, lakini heshima ya mwenye nyumba ilitoka damu.

Halafu jike mmoja akavimba kidevu. Hali chakula. Siku ya tano, ya kumi, ya kumi na tano, domo limefumbwa tu. Nikamwambia mke wangu, kwa sauti ya daktari, "Haya ni matubwitubwi." Nikatia chumvi kidogo majini. Kisha nikamvua kwa chujio la chai (ndiyo, lile lile, na ugomvi wake haujaisha), nikamtia kwenye bakuli, nikawasha tochi ya simu nimchungulie koo.

Wakati huo mama muuza samaki wetu wa Dunga alikuwa mlangoni na beseni lake.

"Mwanangu, unafanya nini?"

"Mgonjwa, Mama. Amevimba."

Alichungulia, akaketi chini kwa kicheko. "Amebeba watoto mdomoni! Hata ngege hufanya hivyo. Wewe umezaliwa ziwa gani?"

Kabla sijajibu, mgonjwa alifungua domo akatema mtoto. Wa pili. Wa sita. Nikahesabu kumi na wanne, kila mmoja macho matupu na mkia. Wiki tatu mama wa watu amefunga, mimi namtilia chumvi!

Kwa furaha, nikamimina bakuli zima tangini, baba akawaone wanawe.

Chifu aliwaona. Aliwasalimu mmoja mmoja, na aliyesalimiwa hakuonekana tena. Mama muuza samaki akapiga kelele, mpwa akapiga kelele, nami nikarudi na chujio la chai. Tuliokoa wanne. Chombo safi kilichokuwa karibu ni jagi la mezani, nikawatia humo, nikaenda kutafuta ndoo.

Ndoo ilikuwa kwa jirani. Jirani alikuwa na maneno mengi. Niliporudi nilimkuta shemeji yangu, ametoka Busia na kiu ya safari nzima, ameshajimiminia glasi na kuiinua usawa wa dirisha.

"Shemeji," akaniuliza taratibu, "mbona maji yenu yananitazama?"