Slipingi begi la digrii 40

Jamani mimi nimezaliwa Mbeya nimekulia Mbeya, baridi ya mwezi wa sita na wa saba naijua kama ninavyoijua sauti ya mama mkwe akibisha hodi. Asubuhi ukifungua mdomo kumsalimia jirani moshi unakutoka kama bodaboda inayokula oili. Kwa hiyo shemeji yangu wa Dar alivyopiga simu kusema mwezi wa saba anakuja na washkaji zake wawili tukalale Kitulo kwenye mahema, nilicheka mpaka nikakohoa. Watu wa Dar hao. Mvua ikinyesha kidogo tu Kariakoo wanatoa makoti.

Halafu Kitulo mwezi wa saba unaenda kuangalia nini? Sawa wanaiita Bustani ya Mungu, sawa ni hifadhi ya taifa tangu 2005 na sifa yake kubwa ni maua, maokidi ya kila aina, lakini hayo maua yanatoka kipindi cha mvua, njoo kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa nne uko utayaona mpaka uchoke. Mwezi wa saba Mungu bustani kaifunga, kaacha majani na upepo. Nikamwambia hivyo hivyo. Akajibu, shem likizo yangu ndo imeangukia hapo. Haya.

Akaniambia mahema wanayo, jiko wanalo, "wewe shem tafuta tu slipingi begi la joto". Yaani lile begi la kulalia, unaingia ndani unavuta zipu. Tafuta tu. Hiyo "tu" ya watu wenye mishahara mnaijua.

Nikaenda Mwanjelwa kwenye mitumba. Kuna jamaa anauza makoti ya Wazungu, viatu vya kupandia milima na takataka zote za baridi, kayarundika kama viazi. Nikamwambia nataka slipingi begi, akavuta moja la bluu kama anamvuta mtoto mtoro kwenye foleni, akanionyesha lebo, imeandikwa 40.

"Braza hili ni digrii 40."

"40 za nini?"

"Za joto. Ukiingia humu unapata 40 zako, unalala kama uko Dar mwezi wa pili."

Nikasema mbona mwanangu akifika 40 tunamkimbiza hospitali? Akasema hiyo ni ya mgonjwa, hii ni ya begi. Na mimi nikatikisa kichwa kama nimeelewa, sijui kwa nini, nadhani ni vile alivyoongea kwa kujiamini.

Bahati kulikuwa na dogo mmoja pembeni anachagua buti, ka mwanafunzi hivi, akaingilia. Kaka, hilo limetoka Marekani, wale wanapima kwa Farenhaiti, 40 yao ni kama 4 yetu. Halafu hiyo namba sio joto ambalo begi linatoa, begi halina joto lolote, joto ni la kwako mwenyewe, lenyewe linalizuia tu lisikimbie. Hiyo namba ni baridi ya nje linayoweza kuhimili. Muuzaji alimwangalia yule dogo kwa jicho ambalo sijawahi kuliona hata mahakamani.

Basi 4 nikaona haitoshi. Mbeya mjini tuko kwenye mita kama 1,700, Kitulo ni 2,600 na ushee, na ukipanda kila mita 1,000 joto linashuka digrii kama sita, hesabu hiyo tulifundishwa shule na ndo kitu pekee cha jografia kilichobaki kichwani. Usiku wa mwezi wa saba kule sakitu inaanguka, majani yanakuwa meupe.

Jamaa akatoa la pili, kijani, zito, nene, la Ulaya, na hili lina namba tatu kwenye lebo moja. 5, 0, halafu -15. Mnanijua mimi, macho yakaruka moja kwa moja kwenye -15. Kitulo hata igande vipi haifiki huko, kwa hiyo nimepona. Akasema elfu 45, tukavutana wee mpaka 32, nikalipa nikijisifia moyoni.

Sasa kabla sijaondoka akanionyesha la tatu, naomba hili mlikumbuke. La njano limefifia, jepesi, ukilikamata unasikia kama umeshika hewa, akalisokota akaliingiza kwenye mfuko likawa kama boflo. Elfu 25, ndani manyoya ya bata. Nikacheka. Mimi nimekua na blanketi la mistari, blanketi la maana likulalie kama deni, ukitaka kugeuka uombe ruhusa. Hili linalopeperuka ndo likazuie baridi ya Kitulo? Nikamwambia weka huko uwauzie watoto.

Ijumaa nikapanda kosta mpaka Chimala, shemeji na wenzake wakanipitia na gari lao, tukapanda zile kona 57 za kwenda Matamba (mmoja wao alizihesabu kwa sauti mpaka 31 akaanza kutapika, nilifurahi kidogo). Tukafika, tukapiga mahema, jua likazama. Wakaanza kutandika mikeka ya sponji ya kulalia. Shemeji akasema shem nimekuletea wa kwako. Nikamwambia mimi ni mwanaume wa Mbeya, nimelalia mkeka wa ukindu toka utoto, nina begi la -15, hiyo sponji wekeni mjilalie nyie.

Saa mbili nimeingia. Nimevaa koti, sweta mbili, soksi tatu, nimejaa humo ndani kama kitumbua kwenye karai. Nikavuta zipu, ikaja vizuri ikafika magotini ikagoma. Mitumba bwana, nani anajaribu zipu dukani?

Saa tano baridi ikaanza, na haikutokea juu, ilitoka chini. Kumbe ukililalia begi ile pamba ya chini yote inajibana inakuwa bapa kama chapati, haizuii kitu, kwa hiyo juu nina begi ila mgongo nimeuweka kwenye friji. Nikaona nijizibe kichwa nipumulie humo humo nipate joto, nikapata kweli dakika kumi, halafu pumzi ikageuka maji, shingo imelowa, sweta imelowa, sasa nina baridi na unyevu. Saa nane mkojo ukanibana. Sitasimulia sana, itoshe kusema kutoka kwenye begi lenye zipu mbovu huku vidole havifanyi kazi ni mtihani, na hema lilikuwa limeganda nje linalia kakaka ukiligusa.

Na muda wote huo mwenzenu nasikia koroma. Jirani yangu, yule yule aliyetapika kona ya 31, kalala na fulana moja kwenye begi jepesi la manyoya ya bata, sponji chini, chupa ya maji ya moto miguuni, anakoroma kama yuko kwao Mbagala.

Asubuhi nikamwomba anisomee lebo yangu. Akasema hiyo 5 ndo baridi ambayo mwanamke wa kawaida analala vizuri, 0 ni ya mwanaume akijikunja kama kamba, na hiyo -15 ni kwamba unaweza kumaliza masaa kama sita bila kufa. Hufi. Hakuna mahali wameandika utalala. Sasa namba ya kutokufa unaiandika kwenye kitu cha kulalia ya kazi gani? Si ni sawa na hoteli iandike mlangoni "wageni wetu wengi walitoka hai"?

Shemeji akatoka hemani anajinyoosha, "Shem, ndo hii baridi mliyokuwa mnatutishia nayo?" Nikamwambia hii leo imepoa, njoo mwakani.

Jumatatu sijafungua hata biashara, nikaenda Mwanjelwa kulitafuta lile la njano. Jamaa aliponiona akaanza kucheka kabla sijasalimia. Alilichukua yule dogo wa Farenhaiti, siku ile ile, sijafika hata stendi. Na alimpunguzia mpaka elfu 20.

La kijani liko nyumbani. Mama watoto kavundikia humo ndizi zake za Tukuyu, kafunga zipu mpaka pale magotini, kalilaza sakafuni kwenye simenti. Siku tatu zimeiva zote. Hazijaomba sponji.