Biblia Isiyomkemea Aliyeitafsiri

Wahafidhina wa Marekani na watunga vitabu vya shule wa China hawakubaliani karibu katika jambo lolote. Ila kuna kisa kimoja cha Injili ambacho pande zote mbili ziliona hakifai kuachwa kama kilivyo: kisa cha mwanamke aliyefumaniwa akizini, Yohana sura ya 8.

Mwaka 2009 tovuti ya Conservapedia, iliyoanzishwa na mwanasheria Andrew Schlafly, ilitangaza mradi wa kuitafsiri Biblia upya ili kuiondolea kile walichokiita mwelekeo wa kiliberali. Walijiwekea miongozo kumi. Mmoja ulitaka mifano ya Yesu ieleweke kwa jicho la soko huria. Mwingine ulitaka vifungu vilivyochomekwa baadaye viondolewe, na kisa cha yule mwanamke kikatajwa kuwa mojawapo. Sala ya Yesu msalabani, "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo," nayo ikatiliwa shaka.

Upande wa China, mwaka 2020 Wakristo walilalamikia kitabu cha maadili na sheria kilichoandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa shule za ufundi. Kisa kilikuwemo, na kilianza vizuri. Umati unataka kumpiga mawe, Yesu anasema asiye na dhambi awe wa kwanza kutupa jiwe, watu wanatawanyika. Kisha kitabu hicho kikamfanya Yesu mwenyewe ampige mwanamke mawe mpaka afe, akisema kwamba hata yeye ni mwenye dhambi, lakini kama sheria ingetekelezwa na wasio na doa peke yao, basi sheria ingekuwa imekufa.

Nimeusoma mwisho huo mara nyingi na bado unaniuma. Waliouandika hawakuhitaji kulifuta jina la Yesu. Walilihitaji libaki, ili liwe muhuri wa hukumu yao. Mstari wenyewe unasema, "Wala mimi sikuhukumu. Enenda zako; wala tangu sasa usitende dhambi tena." Serikali inayotaka raia waamini kuwa sheria haihojiwi haiwezi kuishi na maneno hayo, na wahafidhina waliohofia kwamba huruma inawapa wapinzani wao hoja hawakuweza kuishi nayo pia. Mmoja akakata, mwingine akageuza.

Hapa lazima niwatendee haki watu wa Conservapedia katika jambo moja. Ni kweli kwamba kisa hicho hakimo katika nakala za kale zaidi za Injili ya Yohana tulizonazo, zikiwemo Sinaiticus na Vaticanus za karne ya 4. Wataalamu wanalijua hilo siku nyingi, na matoleo mengi ya kisasa hukizungushia mabano na kuweka tanbihi chini ya ukurasa. Msomaji anaambiwa ukweli wote, kisha anaachiwa apime. Ningekuwa tayari kujadiliana na mtu anayesema kisa kitolewe kwa sababu ya ushahidi wa nakala. Tatizo ni pale ushahidi unapokumbukwa kwa vifungu visivyotupendeza tu. Mwisho wa Injili ya Marko, kuanzia 16:9, una shida ile ile ya nakala. Anayeuliza swali la nakala sharti aliulize kote, na akishapata jibu alikubali hata kama linamharibia.

Ndiyo maana sipingi tafsiri mpya. Lugha inabadilika, nakala za kale zaidi zinagunduliwa, na kizazi cha leo kina haki ya kuisikia Biblia kwa maneno kinayoyaelewa. Ninachokipinga ni kuanza na jibu. Mtu akikaa mezani akiwa ameshaamua Amosi aseme nini juu ya maskini na Paulo aseme nini juu ya watawala, hapo hatafsiri tena. Anajiandikia barua na kuweka sahihi ya Mungu.

Mfano ulio mchungu kuliko yote kwangu ni ule wa mwaka 1807. Huko London kilichapishwa kitabu chenye sehemu teule za Biblia kwa ajili ya watumwa Weusi wa visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Waingereza. Leo kinajulikana kama Biblia ya Watumwa, na nakala zilizosalia ni chache mno. Moja imehifadhiwa Chuo Kikuu cha Fisk, mjini Nashville. Mwaka huo huo bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara ya watumwa, lakini utumwa wenyewe uliendelea mashambani. Mapinduzi ya Haiti yalikuwa yametimia miaka mitatu tu nyuma yake, na wenye mashamba ya miwa walikuwa na hofu.

Sasa tazama kazi ya mkasi. Msomaji anamfuata Yusufu mpaka Mwanzo 45, anapojitambulisha kwa ndugu zake waliomuuza, kisha akifungua ukurasa anajikuta Kutoka 19, watu wako tayari chini ya mlima Sinai. Wametokaje Misri? Haisemwi. Musa hakutumwa kwa Farao, hakuna mapigo, hakuna bahari iliyogawanyika. Watu wamo jangwani tu, wakisubiri kupewa amri. Kitabu cha Zaburi hakimo. Ufunuo hakimo. Umeondolewa ule mstari wa Wagalatia 3:28, "Hapana mtumwa wala huru," na imeondolewa ole ya Yeremia 22:13 kwa yule anayemtumikisha mwenzake bila ujira. Waefeso 6:5, inayowaambia watumwa wawatii mabwana zao, imeachwa pale pale.

Kwa jumla, karibu asilimia 90 ya Agano la Kale haimo, na nusu hivi ya Agano Jipya. Hakuna neno lililotafsiriwa upya. Kiingereza ni kile kile cha King James, Biblia maarufu ya Kiingereza ya 1611. Kila mstari uliobaki ni mstari wa kweli wa Biblia, na kitabu kizima ni uongo. Wapo wanaodhani tafsiri ya kisiasa hugunduliwa kwa kukagua neno moja moja. Biblia ya 1807 ungeikagua neno kwa neno usikute kosa.

Tena wakataji wenyewe walikuwa wamisionari na wafadhili wao, watu walioamini wanafanya kazi ya Mungu. Sisemi hivyo kuwapunguzia lawama. Nasema ili tusidhani kwamba uovu huu hufanywa na wasioamini peke yao.

Wakataji wa Ujerumani ya Kinazi pia walikuwa wasomi wa kanisa. Tarehe 6 Mei 1939, katika ngome ya Wartburg mjini Eisenach, ilizinduliwa taasisi ya kuchunguza na kung'oa athari za Kiyahudi katika maisha ya kanisa la Ujerumani. Ngome hiyo ndiyo Martin Luther alimojificha kuanzia 1521 akilitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani, ili mkulima na mama wa nyumbani walisome wenyewe. Waliichagua makusudi, wapate kuonekana warithi wake. Mkurugenzi wa kitaaluma alikuwa Walter Grundmann, profesa wa Agano Jipya, aliyefundisha kwamba Yesu hakuwa Myahudi. Mwaka 1940 wakatoa Agano Jipya lao, lililoitwa Ujumbe wa Mungu. Nasaba ya Yesu inayompeleka kwa Daudi na Ibrahimu ikatoka. Marejeo ya manabii wa Israeli yakapunguzwa. Akabaki Kristo shujaa, asiye na ukoo wala taifa, wakati ndugu zake kwa damu wakianza kusombwa kwenda kuuawa.

Grundmann hakufukuzwa katika ulimwengu wa vitabu baada ya vita. Aliendelea kufundisha kanisani huko Ujerumani Mashariki, na vitabu vyake vya kuzifafanua Injili vilisomwa na wachungaji kwa miaka mingi.

Wengi wakifika hapa hunikumbusha King James. Nayo si tafsiri ya kisiasa? Ilianzia kwenye mkutano wa Hampton Court, Januari 1604, na Mfalme James wa Uingereza alikuwa na sababu zake. Biblia iliyopendwa na Wapuriti, Waprotestanti waliotaka kanisa la Uingereza litakaswe zaidi, ile ya Geneva ya 1560, ilijaa maelezo pembeni mwa kurasa, na baadhi yalimtia kiwewe. Kwenye Kutoka 1, ambapo wakunga Shifra na Pua wanakataa kuwaua watoto wa kiume wa Waebrania, maelezo yalisema kutomtii kwao mfalme kulikuwa halali. James akaona uchochezi. Watafsiri wapya wakaagizwa wasiweke maelezo pembeni isipokuwa ya kufafanua neno la Kiebrania au Kiyunani, na wayaache maneno ya kikanisa yaliyozoeleka, yasije yakatetemesha mamlaka ya maaskofu.

Siasa hiyo ilikuwa ya wazi, na sikubaliani nayo. Lakini fungua Kutoka 1 ya mwaka 1611. Shifra na Pua wamo, wanamcha Mungu, hawafanyi alivyoamuru mfalme, na Mungu anawatendea mema. Mfalme aliyafuta maelezo. Mstari wenyewe hakuupata. Kwa nini? Kwa sababu wasomi 47 hivi waligawanywa katika makundi sita, huko Westminster, Oxford na Cambridge, kila kundi likipitiwa kazi yake na wengine. Wapuriti walikuwemo, John Rainolds, aliyeiomba tafsiri mpya mbele ya mfalme, alikuwa mmoja wao. Wote walikuwa na maandiko ya Kiebrania na Kiyunani mbele yao. Ukitaka kuchakachua mbele ya watu wanaojua lugha na hawakupendi, utapata taabu.

Nafikiri hilo ndilo linalotofautisha Hampton Court na Wartburg. Taasisi ya Eisenach ilikusanya watu wa fikra moja, na aliyefikiri tofauti hakuwa na kiti.

Historia ya Biblia ya Kiswahili nayo haikuwa mbali na siasa. Mmisionari Mjerumani Karl Roehl, katika Biblia yake ya 1937, alijitahidi kuyapunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kuyapa nafasi yale ya Kibantu, jambo lililogusa swali la Kiswahili ni cha nani. Union Version ya 1952 haikumfuata, na ndiyo iliyoenea. Naona Roehl alikosea kuihusu lugha, lakini siwezi kumweka fungu moja na wale wa 1807. Farao wake bado anazama baharini.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao wapinzani wa tafsiri mpya hawapendi kuusikia. Shutuma ya "hii ni tafsiri ya kisiasa" nayo hugeuka silaha ya siasa. Revised Standard Version ilipotoka Marekani mwaka 1952, Isaya 7:14 ilisomeka "mwanamke kijana" badala ya "bikira", kwa kuwa neno la Kiebrania lina maana pana zaidi. Mchungaji mmoja wa North Carolina akauchoma moto ukurasa huo hadharani. Mwaka 1960 kitabu cha mafunzo cha jeshi la anga la Marekani kikadai kwamba miongoni mwa waliofanya kazi ya toleo hilo walikuwemo watu wenye uhusiano na Ukomunisti. Kelele zilipopigwa, kikaondolewa. Hakuna aliyehitaji kujua Kiebrania ili kushiriki ugomvi huo. Ilitosha kujua adui ni nani. Kwa hiyo mtu akiniambia toleo fulani limepotoshwa, simwamini kabla hajanionyesha mstari, nakala inayosema vingine, na sababu.

Zamani kazi hii ilihitaji kiwanda cha chapa na mfadhili tajiri. Leo mtu mmoja mwenye kompyuta anaweza kutoa Biblia yake nzima na kuisambaza kwenye simu, bila jina lake kuandikwa popote. Kwangu hilo la jina ni kubwa. Toleo lisilosema waliotafsiri ni nani, walitumia maandiko gani ya asili, na nani alipitia kazi yao, silipi nafasi hata kama Kiswahili chake kinateleza kama asali. Utangulizi wenye kurasa tatu za ukweli wa namna hiyo unanipa imani kuliko jalada la ngozi.

Nikishaupita utangulizi, sianzi na mistari ninayoipenda. Nakwenda kwenye ile inayouma pande zote. Nasoma Kutoka 1, nione kama wakunga bado wanamkaidi mfalme. Nasoma Luka 6:24, ole kwa matajiri, nione kama imelainishwa ikawa ole kwa wenye tamaa tu. Nasoma Mambo ya Walawi 19:34, amri ya kumpenda mgeni kama nafsi yako. Halafu nafungua mbili kwa pamoja: Warumi 13, inayomtaka kila mtu aitii mamlaka iliyo kuu, na Matendo 5:29, ambapo mitume wanaliambia baraza, "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu." Mtafsiri mwaminifu ameziacha zote zikiwa na uzito wake, hata kama moja inamkosesha usingizi. Nikikuta moja imenolewa na nyingine imefanywa butu, naifunga Biblia hiyo na kutafuta nyingine.